Jina la Mwenye Mashine

Umeme ulikatika mchana, upepo wa Same ukirusha vumbi dirishani, lakini feni ya kompyuta iliendelea kuzunguka.

Ruthi aliweka chini beseni la nepi. Friji lilikuwa limenyamaza. Redio kwa jirani ilikuwa imenyamaza. Akachomoa waya wa kompyuta ukutani. Feni ikazidi kwenda, taratibu, kama mtu anayevuta pumzi usingizini, kisha ikatulia yenyewe.

Kompyuta ile ya mezani ilikuwa ya mumewe, Anderson. Aliitumia kuchapa barua za watu na ratiba za kwaya, na jioni alichezea gemu la mpira. Ilikuwa imechoka kwa virusi na matangazo yanayojifungua yenyewe, na gemu lilikuwa likiganda mchezaji akiwa anakaribia kufunga. Ndipo dada yake Anderson, Magreth, fundi wa kompyuta kule Mwanga, akaja na flashi yenye Linux.

"Huu ni mfumo huria wa kuendeshea kompyuta," alisema. "Hakuna wa kukuuzia, na anayetaka kuona ulivyotengenezwa anaruhusiwa. Tunafuta ule wa zamani, tunaweka huu."

Ruthi alimpenda wifi yake. Alipojifungua, Magreth ndiye aliyemkorogea uji wa pilipili manga, akamkanda kwa maji ya moto, akafua kila kitu bila kukunja uso. Mambo kama hayo Ruthi hayasahau.

Kwenye ukoo wa Anderson, watu wa Shighatini, kitu kipya kinachoingia nyumbani hukabidhiwa kwanza mtoto mchanga, na anayekabidhi ni shangazi. Iwe jembe, iwe sufuria, mtoto hushikishwa. Kwa hiyo mashine ilipouliza jina la mwenye nayo, Magreth aliandika Jenifer, akampakata mtoto, akakibonyeza kidole chake kidogo kwenye kitufe.

"Haya, mama Jeni! Bosi wa nyumba huyo, muombe ruhusa!" Wote watatu wakacheka.

Mashine ikawa nyepesi ajabu. Gemu halikuganda tena.

Baada ya mchana ule wa feni, harufu ilianza, ya nywele zilizoungua, ikitokea nyuma ya meza na kuhamia kitandani kwa mtoto. Kisha Jenifer akaacha kulia. Halii akiwa na njaa, halii akilowa. Mwili wake ulikuwa wa baridi kama mtungi.

Jioni moja, jua likizama upande wa nyika, Ruthi alimweka kifuani anyonye, na mtoto hakunyonya, ila vidole vyake vya mkono wa kushoto vilianza kugonga juu ya ziwa la mama yake, kimoja baada ya kingine, haraka, kama Anderson anavyogonga vitufe akiwa kwenye gemu, na Ruthi alipoinua macho aliona kioo cha kompyuta kimewaka chenyewe na mchezaji mmoja peke yake katikati ya uwanja mtupu anakimbia kila kidole kinapogonga, na vidole vilipotulia mchezaji naye akasimama, akageuza uso taratibu, akamtazama.

Asubuhi alimbeba mtoto hadi kwa Mwanahalima, mama mzee wa Kisiwani anayeuza ubani na kuagua watu nyuma ya soko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mlaze hapa." Alimnusa mtoto utosini, akarudi nyuma. "Pepo hili halikuingia lenyewe," alinong'ona. "Limekabidhiwa. Nani alimshikisha mtoto kitu?"

Ruthi alimpigia simu wifi yake palepale. Sauti ya Magreth ilikuwa nzito, ya mtu aliyetoka kulala vizuri.

"Wifi, liondoe. Nakuomba."

Magreth alipiga miayo. "Limenikaa kifuani tangu nikiwa msichana, Ruthi. Sasa hivi nalala. Hujui raha yake."

"Ni mtoto, wifi! Wewe ulinikanda kwa mikono yako!"

"Muulize mumeo," alisema Magreth, akakata.

Ruthi alipofika nyumbani, Anderson alikuwa akifunga kamba za viatu aende kazini. Hakuinua kichwa.

"Dada ndiye aliyenisomesha. Ningemkatalia vipi? Alisema litakaa kwenye mashine tu."

"Na kidole cha mwanangu mlikibonyezea nini?"

Alimaliza kufunga kamba, akatoka.

Ruthi alirudi kwa Mwanahalima akilia, akamsimulia habari ya mashine. "Niambie tu jinsi ya kulichukua mimi, bibi."

"Wewe umeolewa pale. Lilikabidhiwa kwenye damu ya ukoo, litapokelewa na damu hiyohiyo. Na aliyelitoa halimrudii." Mzee alimtazama kwa huruma. "Futa jina la mtoto, andika la mwingine wa damu ile. Kisha aketi mbele ya mashine mwenyewe, limwingie. Basi."

Alasiri Ruthi alikaa mbele ya mashine, mtoto mgongoni. Harufu ilikuwa imezidi. Alifuta Jenifer, herufi moja moja, na kila herufi ilipofutika kulikuwa na mkwaruzo chini ya meza, kama kucha. Akaandika jina lingine. Mgongoni, mtoto alipiga yowe la njaa, yowe zuri, lenye joto, na Ruthi akamgeuza mbele na kumpa ziwa huku machozi yakimdondokea usoni.

Anderson aliporudi alikuwa na mfuko wa ndizi mbivu.

"Nimekuletea, najua unazipenda," alisema, akikwepa macho yake. Kisha akaona kioo. "Aa! Umeniandika mimi?" Uso wake ukakunjuka. "Asante, mama Jeni. Nilidhani hutanisamehe."

Akavuta kiti.

Ruthi alifungua mdomo amwambie asikae. Jenifer akanyonya kwa nguvu, kwa pupa, mwili wake ukiwa moto kama mkate. Ruthi akaufunga mdomo, akaivuta khanga, akamfunika mtoto asione.