Goss ya Tamsin

Kila asubuhi Tamsin Hoyle na wenzake wa darasa la saba walisubiri basi la shule mbele ya duka la mikate, mjini Accrington, Uingereza. Kila aliyefika aliulizwa swali lilelile: "Kuna goss?" Kwao goss lilikuwa neno la kuchezea, jina la umbeya wowote mtamu. Asiyekuwa nayo hakusikilizwa, na Tamsin hakuwahi kuwa nayo.

Jumatatu moja, akitoka nyumbani, aliona gari la polisi kwa jirani yao, Bwana Catterall, ambaye binti yake Lydia alisoma darasa moja na Tamsin. Mzee huyo alitoka katikati ya askari wawili, uso umempauka, akaingia garini.

Kwenye kituo cha basi Tamsin hakungoja kuulizwa. "Leo ninayo," alisema. "Baba yake Lydia kakamatwa."

"Acha wewe. Kwa kosa gani?" aliuliza Priya, mmoja wa wenzake.

Tamsin hakujua. Lakini wote walikuwa wamemkodolea macho. "Wizi," akajibu.

Kufikia mchana habari ilikuwa imezagaa kwenye simu za shule nzima.

Jioni mama yake alimweleza kwamba Robin, kaka yake Lydia, amegongwa na lori akienda kazini kwa baiskeli. Polisi walikuwa wamemchukua baba yake akautambue mwili. Tamsin akaisukuma sahani yake, akaenda kulala.

Lydia alirudi shuleni baada ya mazishi. Mvulana mmoja akamuuliza kama baba yake ameshatoka jela. Lydia aliketi palepale sakafuni, akalia mpaka mwalimu akaja kumwinua.

Kesho yake Tamsin alisimama mbele ya darasa akakiri kwamba habari ile aliitunga yeye. Kisha mama yake akampeleka kwa kina Catterall. Lydia alimsikiliza, akatikisa kichwa kukubali, ila hakumtazama.

"Nisamehe, baba," Tamsin alimwambia mzee.

"Asubuhi ile nilikuona umesimama pale nje," alisema Bwana Catterall. "Nilidhani unanionea huruma. Mnaiita goss, mwanangu, inasikika kama peremende. Kumbe mlichokuwa mnatafuna ni kifo cha mtoto wangu. Usilolijua, liulize. Ukishindwa kuuliza, nyamaza."

Kisha akawafungulia mlango, taratibu, bila hasira.