Mlango wa Filamu ya Tatu

"Gauni hilo lirudishe stoo," mwongozaji alisema bila kumtazama mkewe. "Mama wa msichana hayumo tena."

"Hayumo wapi? Kwenye kitabu yumo."

"Kitabu ni kitabu. Filamu ni yangu."

"Basi ungesema kabla sijalishona, baba watoto."

Mpiga picha akacheka. "Mama Joho, mwache bosi. Kila mpishi na chumvi yake."

"Chumvi sina neno nayo. Huyu katia sumu."

Jina la Mama Joho alilipata hapo hapo kazini. Filamu zilitokana na vitabu vitatu vya msichana mwenye joho la ukungu, anayevuka nchi ya majini, na kila kitabu kinamrudisha kwao hadi mlangoni. Waongozaji watatu, fundi wa mavazi mmoja: yeye.

Wa kwanza, mzee mcheshi, alitaka joho la njano. Mlango wake ulifunguka msichana hajagusa hata mbao, mama akatoka mbio na unga mikononi. Watoto walishangilia. Wa pili, mwanamama asiye na haraka, alimwambia fundi aliloweke joho kwenye chai ya rangi, alikanyage, lionekane limesafiri. Mlango wake ulifunguka nusu, mama akachungulia kwanza kana kwamba hamjui mwanawe. Watu walilia. Sasa ilikuwa zamu ya mumewe. Joho jeusi, na mlango usiofunguka kabisa.

"Nendeni mkanywe chai," mwongozaji akawaambia wenzake. Wakabaki wawili mbele ya ule mlango wa kuigizia.

"Mtoto kapita motoni," mkewe akasema. "Anafika kwao, anabisha, hakuna mtu. Kwa nini?"

"Kwa sababu ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo wapi?"

Mkewe akatoa simu, akasoma kama karani wa mahakama.

"'Nalala kazini.' 'Nalala kazini leo pia.' 'Msinisubiri.' Tangu uanze filamu hii mimi ni mjane mwenye mume."

"Kwani ulinisubiri lini?"

"Unasemaje?"

"Nilikuwa nakuja. Nasimama getini, sebuleni giza, nyumba nzima giza. Najiambia wamelala, hawana haja na mimi. Narudi kwenye kochi la ofisi."

"Ulibisha hodi?"

"Nyumba giza, nibishe nini?"

Mama Joho alikaa juu ya kreti.

"Chumba changu cha kushonea kiko wapi?"

"Nyuma."

"Na jeshi zima la majini uliloliagiza, wote majoho meusi, nani anawavika? Sebuleni nazima taa kwa sababu majini hawalipi umeme. Mimi niko nyuma, chakula chako kimefunikwa. Mbwa wa jirani akibweka nasimamisha cherehani, nasikiliza labda ni wewe. Kimya. Naendelea kushona."

Mumewe akafuta uso kwa kiganja.

"Alikuwa ananibwekea mimi," akasema.

Hakuna aliyecheka. Usiku ngapi walikuwa wamekaa hivyo, mmoja getini, mmoja kwenye cherehani, na mbwa katikati akiwaambia ukweli?

Mama Joho akainuka, akalitundika gauni kwenye kitasa cha mlango, akazunguka nyuma.

"Unakwenda wapi?"

"Mlango wa filamu ni wako. Ukitaka kuufunga mpaka kiama, funga. Leo tu, bisha."

Huko nyuma hapakuwa na nyumba. Palikuwa na mbao za kuegemeza, nyaya na ndoo ya rangi iliyokauka. Akasimama hapo, mikono imeshika sketi. Akasikia viatu vya mumewe vikiondoka, vikienda mbali, vikipotea.

Haya, akajisemea. Umejibiwa.

Kisha sauti ya mumewe ikatoka kule wenzake walikokuwa wakinywa chai: "Leo basi. Nendeni nyumbani." Viatu vikarudi, polepole, vikasimama.

Ngo, ngo.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

Akafungua. Mumewe alikuwa amelikumbatia lile gauni kama mtoto aliyelala.

"Mbona umechelewa?"

"Nilidhani mmelala."

"Siku nyingine uliza."

"Nitauliza." Akampa gauni. "Kesho mama alivae. Atakuwepo ndani. Kama atafungua, bado sijajua."

"Hilo lako. La nyumbani ni letu, na huko unabisha tena leo."

Akafunga chumba cha mavazi kwa ufunguo, mumewe akambebea mkoba. Wakiwa bado ukumbini akatoa simu, akamwandikia binti yao mkubwa: "Baba yenu anakuja. Washa taa ya sebuleni."

Akaituma hapo hapo, huku mumewe akisoma begani kwake.