Ngozi ya Kuziba Injini

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya vilima vya Dodoma, Stara alifagia ua, akateka maji, kisha akachukua kitambaa na kuipangusa injini ya baba yake. Kazi hiyo ya mwisho hakuna aliyemtuma, aliipenda tu. Zilikuwa enzi za Mdachi, miaka michache baada ya reli kufika, na katika mji mzima hapakuwa na ua mwingine wenye injini.

Injini yenyewe ilitoka kwenye motokaa. Mkandarasi mmoja wa reli aliileta motokaa hiyo kwa treni, akaiendesha msimu mmoja, mawe yakamvunjia ekseli ya magurudumu, akaitelekeza karibu na stesheni hadi kuku wakaanza kutagia kwenye viti. Mbaruku, baba yake Stara, alipoomba mabaki yale, watu walimcheka. Hawakujua wanamcheka nani. Mbaruku alikuwa amefanya kazi miaka mitatu katika karakana ya reli, na alichokishika kwa mikono yake hakikushindikana. Aliifungua injini vipande vipande, akaisafisha, akaifunga juu ya magogo uani kwake na kuiunganisha kwa mkanda na jiwe kubwa la kusagia. Siku ilipowaka mara ya kwanza, mbuzi wa jirani walitimua mbio kama wanaelekea kijiji cha Miyuji, na wote waliomcheka wakafunga midomo.

Tangu siku hiyo wanawake walileta mtama na uwele wao kwa Mbaruku. Aliyefurahi kuliko wote ni Loisi, binti wa Kigogo, rafiki mkubwa wa Stara. Zamani Loisi aliamka jogoo la kwanza kusaga nafaka kwa mikono, na mara nyingi alipomaliza, darasa la misheni lilikuwa limekwisha. Sasa alisoma kila siku, na alikuwa amekwisha kujua kuandika jina lake na la mama yake.

Basi mwaka huo, wakati wa kiangazi, unga ukaanza kunuka mafuta. Juu ya injini palikuwa na kifuniko cha vali, na chini ya kifuniko hicho palikuwa na utepe mwembamba wa kuzuia mafuta yasitoke. Siku hizi mafundi huuita gasketi. Utepe ule ulikuwa umekauka na kumegukameguka. Mafuta yalivuja, yakadondokea mkanda, na mkanda ukayarusha hadi kwenye unga.

Mwajabu, mama mmoja asiyejua kumung'unya maneno, alimweleza Mbaruku waziwazi kwamba wanawe wamesusa ugali. Wanawake wenzake wakamuunga mkono. Walikubaliana kumjaribu mara moja tu, siku ya tatu. Unga ukinuka tena, kila mmoja atarudi kwenye jiwe lake la nyumbani. Loisi alikuwapo, akasikia yote, na machozi yakamlengalenga. Alijua nani atakayepiga magoti mbele ya jiwe la nyumbani kwao.

Gasketi mpya ingetoka Ulaya kwa meli, na hiyo ni safari ya miezi. Mbaruku alifikiri, kisha akamtuma Stara kwa Ruthu, mama yake Loisi, kwa maana pale mjini hakuna aliyemfikia kwa kazi ya ngozi na kuwamba ngoma.

Stara alimwamkia shikamoo, akaeleza shida. Ruthu alimsikiliza hadi mwisho, akauliza kifuniko kina urefu gani na injini hupata moto kiasi gani. Kisha akaingia ndani, akatoka na vazi la ngozi ya mbuzi aliloachiwa na mama yake, akalikata kipande upande wa pindo. Kilikuwa cheusi kwa uzee, laini, na kilinuka mafuta ya nyonyo.

"Mpe baba yako hii, wala si nyingine," alisema. "Imekunywa mafuta miaka mingi. Haitakunjamana ikikutana na moto."

Njiani Stara alikitazama kile kipande, moyo ukasita. Injini aliyoipangusa kila siku hadi ikang'aa, itiwe kitambara kama hiki? Nyumbani kwao kulikuwa na ngozi mpya ya ng'ombe iliyokaushwa kwa ajili ya kitanda, ngumu, safi, inayopendeza macho. Stara alikata kipande hapo, na kile cha Ruthu akakitupa nyuma ya ghala.

"Hii ndiyo aliyokupa Mama Loisi?" Mbaruku aliuliza, akiikunja ngozi kwa shida.

"Ndiyo, baba."

Mbaruku aliona ni ngumu mno. Lakini hakutaka kumfundisha mjuzi kazi yake, akaikata na kuifunga hivyohivyo.

Siku ya tatu wanawake walijaa uani. Injini iliwaka, jiwe likazunguka, unga ukaanza kumiminika mweupe. Loisi alimshika Stara mkono kwa furaha. Haukupita muda, injini ikapata moto, na ile ngozi ikaanza kukauka na kujikunja katikati ya nati na nati. Mafuta yakatoka kwa wingi kuliko zamani. Mbaruku alizima injini upesi, lakini harufu ilikuwa imekwisha kuingia ungani.

Mwajabu alinusa, akageuka. "Kumbe Mama Loisi naye zipo ngozi zinazomshinda," alisema, na wengine wakaguna.

Mbaruku alifungua kifuniko na kuitoa ngozi iliyojikunja. Ruthu, aliyekuwa miongoni mwa wanawake wale, aliitazama, kisha akamtazama Stara. Alijua. Mtu hawezi kuisahau ngozi aliyoikata kwa mkono wake. Lakini hakusema neno. Aliinama kuokota kapu lake, na Loisi akamfuata akiwa ameinamisha kichwa.

Kama Ruthu angemkaripia, labda Stara angejitetea. Ukimya ule ndio uliomshinda.

"Si ngozi yake," Stara alisema. "Yake niliitupa. Niliona imechakaa. Hii nimeikata mimi kwenye ngozi ya kitanda, kisha nikamdanganya baba."

Mbaruku akamwambia binti yake akailete ile ya Ruthu. Stara alikimbia nyuma ya ghala na kukikuta kile kipande kimejaa sisimizi. Alikikung'uta, akakirudisha kwa mikono miwili kwa mwenyewe, akaomba radhi.

Ruthu hakuondoka tena. Aliweka kapu chini, akaketi karibu na injini, na kazi iliyofuata Stara hakuisahau maishani. Baba yake alikwangua mabaki ya ngozi kwa kijiti, si kwa kisu, asije akakikwaruza chuma. Alipaka masizi ukingoni mwa kifuniko, akakigandamiza juu ya ngozi ya mbuzi, na alipokiinua, alama ikabaki dhahiri. Ruthu aliifuata alama hiyo kwa kisu chake kidogo bila kuinua mkono hata mara moja. Utepe ulitoka umekamilika, na matundu yote sita mahali pake.

Mbaruku alirudisha kifuniko, akaanza kukaza nati ya kwanza kwa nguvu zote. Ruthu akamzuia.

"Baba Stara, ngoma hatuiwambi hivyo. Ukivuta upande mmoja mpaka mwisho, upande wa pili utakunjamana. Kaza kidogo hapa, kidogo ng'ambo yake, uzunguke hivyo hadi zote zikolee."

Fundi wa reli alimsikiliza mwamba ngoma, akafanya alivyoambiwa. Stara aliwatazama wote wawili, akaona fahari kuwa karibu nao.

Mkanda ulioshwa kwa majivu, jiwe likapanguswa, injini ikawashwa. Ilipata moto. Iliendelea kunguruma. Mbaruku alipitisha kidole kuzunguka kifuniko, akakiinua juu watu wakione: kikavu. Mwajabu alitia unga kidogo mdomoni, akautafuna polepole, kisha akasogeza kapu lake mbele ya wengine wote.

Wanawake wote walipokwisha kwenda isipokuwa Ruthu, Mbaruku alimwita Stara.

"Mimi nami nilikosea," alisema. "Niliona ngozi ni ngumu nikanyamaza. Ningekwenda kumuuliza, tusingefika hapa. Lakini wewe ulijua ukweli ukauficha, na Mama Loisi akabeba aibu isiyo yake."

Stara aliinamisha kichwa. Ruthu akamshika begani.

"Mwanangu, kitu cha zamani usikipime kwa macho. Muulize mwenyewe kimefanya kazi gani. Na ukikosea, sema mapema, hata kama watu wamejaa. Leo ungenyamaza, injini ingetengenezwa siku nyingine. Jina langu nani angelitengeneza?"

Stara alisema, "Nimeelewa, mama." Na tangu siku hiyo, kila alipotumwa kuchukua kitu kwa mtu, alikifikisha kile kile alichopewa.