Kilo Sabini na Tatu

Mshale wa mizani ulianza kucheza ukungu ulipokuwa ukishuka, na ndoano ilikuwa tupu. Tecla, karani wa chai, akasema ni upepo. Upepo gani, na michai kando ya reli imetulia tuli?

Stesheni ya Chemorut ilikufa zamani, lakini mkulima hadharau paa zima. Wakaigeuza kituo cha kupimia majani. Mizani iliyopima mizigo ya gari la moshi ndiyo sasa iliyopima chai. Kipngeno, mumewe Tecla na mpakiaji wa magunia, mtu wa mzaha usioisha, aliidandia ile ndoano kwa mikono miwili.

"Mama watoto, soma!"

"Sabini na tatu. Shuka, utaivunja!"

Mara lori la kiwanda likanguruma mlimani. Tecla huwaita wakulima kwa filimbi, ila leo alikuwa ameisahau nyumbani. Akaokota nyundo, akagonga mara tatu kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni, kengele ya zamani ya stesheni.

Aliyefika kwanza hakubeba majani. Alikuwa Mzee Johana, aliyefanya kazi hapo ujanani, akihema.

"Umegonga tatu? Nani amepimwa?"

"Ni bwanangu, boiyo, mzee wangu. Tulikuwa tunacheza tu," Tecla akanong'ona.

"Hapa hakuna mchezo! Mzigo ukishapimwa, kengele tatu, unapakiwa. Stesheni masta Lazarus hajawahi acha mzigo nyuma. Walipofunga reli alikataa kutoka. Tulimtoa hiyo ofisi akiwa maiti, bendera bado iko kwa mkono."

Hapo harufu ya makaa ikawajaa puani, na reli zilizozikwa na nyasi miaka yote hiyo zikaanza kutetemeka, na Kipngeno, kicheko kimemkauka mdomoni, akatembea kuelekea ukingo wa jukwaa macho yakiwa ukunguni, huku Tecla akining'inia kwenye sweta lake akimlilia Mungu, na ndani ya ofisi iliyofungwa kwa kufuli mtu akakohoa, akasema kwa chuki iliyotulia: "Mzigo mmoja. Pakia."

"Gonga bila kupumzika!" Johana akalia. "Hiyo ndiyo ya kusimamisha gari!"

Tecla akamwachia mzee amshike mumewe, akagonga mpaka viganja vikachubuka. Harufu ikakatika. Kipngeno akapiga magoti, akalia kama mtoto.

Kesho yake mchungaji aliomba, kile kipande cha reli kikazikwa, watu wakasema amina. Tecla naye alisema amina, kwa moyo wote.

Siku ya tatu mvua ilinyesha. Kipngeno alikuja kazini amevaa gambuti, akavuka tope lote la uwanjani. Tecla alitazama nyuma ya mumewe asione alama hata moja ya mguu. Akamwomba kwa upole aidandie tena ndoano, mara moja tu.

Alidandia kwa mikono miwili, miguu ikielea, macho kwa mkewe. Mshale ulibaki kwenye sufuri.

"Mama watoto," akauliza kwa sauti ya chini, "mbona husomi?"