Viganja Chini ya Chuma

Foleni ya gesi ilikuwa imefika mpaka mlangoni, na fundi cherehani alikuwa ameuinamia mtungi wake, akiuvuta kwa hasira. Alivaa gauni la bluu la mikono ya puto, alilolishona mwenyewe, na jasho lilishaanza kuliharibu. Nyuma yake mwanamume akasema:

"Dada, ukiinua hivyo, kesho utakuja kununua gesi unatambaa."

"Kaka, kuna mtu amekuita?"

"Hapana. Ila nauonea huruma huo mgongo. Kunja magoti, kifua juu, uukumbatie mtungi. Haya sasa."

Alifanya vile ili tu amkomeshe, na mtungi ukapanda. Alitaka kununa, akashindwa, akacheka. Mwanamume alikuwa na fulana ya kijani iliyopauka mabegani na mwanya wa meno unaompendeza, na alikuwa kocha kwenye jimu iliyo juu ya duka la viatu, mtaa wa pili.

"Nyumbani unainua nini kingine?" aliuliza walipofika nje.

"Baba yangu."

Kocha hakutania tena. Fundi akamweleza. Mzee alipata kiharusi, upande mmoja ukalala. Jirani anayemtoa kitandani na kumweka kwenye kiti anahama karibuni. Kaka mkubwa anataka kumchukua mzee akakae kwake, mji wa mbali, na mzee hataki hata kusikia. Basi kaka ametoa sharti: dada akiweza kumwinua peke yake, baba abaki.

"Ana kilo ngapi?"

"Sitini, na ukaidi juu."

"Njoo kesho asubuhi," Kocha alisema.

Akaenda. Akafundishwa kuchuchumaa na chuma mabegani, kwanza kitupu, kisha na uzito. Mapenzi nayo yakaingia bila kubisha hodi, katikati ya harufu ya jasho na mpira wa sakafuni. Kufikia hapo simu zilikuwa hazikatiki.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Mayai?"

"Kocha, wenzako huuliza kama wameotwa."

"Haya, umeniota?"

"Nimeota mayai."

Alikuwa mwalimu mzuri, hilo tusimnyime. "Kupanda kuna njia nyingi, mpenzi," alimwambia. "Kuongeza kilo ni njia moja tu. Unaweza kuongeza mara, yaani kurudia zaidi. Unaweza kushuka polepole. Unaweza kushuka chini zaidi, ukatulia huko, ndipo upande. Unaweza kupunguza kupumzika. Chuma ni kile kile, lakini wewe si yule yule."

"Mimi nikishuka polepole, baba atapungua? Nataka kilo."

Kilo zikapanda mpaka arobaini, zikagoma. Wiki zikapita. Asubuhi moja Fundi alikaa kwenye benchi, akaufunika uso kwa taulo, akasema pengine kaka ana haki, pengine aache tu. Kocha aliingiwa na hofu, na tuseme ukweli, hofu ile haikuwa ya mzee. Aliogopa kuja kazini na kumkosa.

Kesho yake akaongeza kilo. Akasimama nyuma ya Fundi, viganja wazi chini ya chuma, kama makocha wote wanavyosimama kwa ajili ya usalama. Fundi aliposhuka na kukwama, viganja vikasukuma, kidogo tu.

"Umenishika?"

"Sijakushika. Ni wewe mwenyewe, malkia."

Uongo huo kila kocha ameusema, na ukisemwa mara moja hauui mtu. Yeye aliusema mpaka kilo sitini. Siku hiyo Fundi alimrukia shingoni mbele ya watu wote, na Kocha akamkumbatia huku amefumba macho.

Jirani akahama. Kaka akaja na gari, akasimama mlangoni mwa chumba cha baba, mikono mfukoni. "Haya, tuone."

Fundi alikunja magoti, akainua kifua, akamkumbatia baba yake kama alivyofundishwa. Mzee alitoka kitandani. Nusu ya njia magoti ya Fundi yalilegea, akasubiri ule msukumo aliouzoea, na haukuja. Wakaanguka wote wawili, na kaka alichelewa kuwadaka. Mzee alivunjika nyonga.

Kaka hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Mzee ndiye aliyesema, wakimpandisha garini: "Si kosa lako, mwanangu. Mimi ndiye mzito."

Kutoka pale Fundi alikwenda jimu moja kwa moja, akiwa bado amevaa gauni lake la shughuli.

"Weka sitini," alimwambia Kocha. "Kisha rudi nyuma. Mikono mgongoni."

"Mpenzi, umetoka wapi? Kaa kwanza."

"Weka."

Akaweka. Fundi akashuka, hakupanda. Chuma kikaangukia vizuizi vya pembeni, na jimu nzima ikageuka kutazama.

"Nilikuwa nakusaidia kidogo," Kocha alisema.

"Kidogo gani?"

"Kila wiki kidogo zaidi."

"Kumbe aliyekuwa anapanda ni wewe," Fundi alisema. "Mimi nilibaki pale pale arobaini, na baba yangu nikamwangusha."

"Niliogopa utaacha kuja."

"Ungeniacha niache. Baba angeondoka mzima."

Hakupokea tena simu za Kocha. Lakini mafunzo hakuyatupa, maana mafunzo yalikuwa ya kweli. Nyumbani, kati ya cherehani na kitanda kilichobaki kitupu tangu kaka amchukue mzee, alijifunga begi la mchanga kifuani na kuchuchumaa. Alishuka polepole mpaka mapaja yakatetemeka, akatulia chini, akapanda. Uzito ulipogoma, aliongeza mara. Mara zilipogoma, alipunguza kupumzika. Ilichukua miezi, na hakuna aliyemwita malkia. Begi likafika sitini.

Ndipo akapanda basi kwenda kwa kaka yake. Mzee alikuwa amelala kando ya dirisha. Shati alilomshonea lilimpwaya kwa mikunjo, na jicho la fundi likaona kola ilivyomwacha shingo. Alikunja magoti, akamkumbatia, akasimama. Alisimama kwa kasi mno, nusura apepesuke, kwa sababu hapakuwa na mzigo. Akamketisha kwenye kiti, akamfunika miguu, akatoka hadi kizingitini, akalia.

Simu ikaita. Safari hii akapokea.

"Usikate," Kocha alisema. "Nina neno moja. Nataka kukuoa. Nilitaka kulisema tangu siku ile ya mtungi."

"Nimemwinua baba."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Nilijua utaweza, nili..."

"Hakuwa mzito, Kocha. Amebaki mifupa. Ningeweza kumwinua kwa zile arobaini zangu."

Kocha akauliza polepole, "Na mimi?"

"Nakupenda, wala sitakudanganya. Lakini kila utakaponishika, nitajiuliza kama nimesimama mwenyewe. Siwezi kuishi hivyo."

Ndani, mzee alikohoa. "Nani huyo unaongea naye?"

"Kocha wangu, baba."

"Mwambie ahsante. Amekufundisha vizuri."

Fundi alifuta macho kwa kiganja, akairudisha simu sikioni.

"Baba anasema ahsante," akasema, na akakata.