Gari la Kwenda Mlima wa Mungu

Msimu wa malipo ya korosho, soko la Nachingwea halipitiki. Kila mwenye shamba anataka bati, godoro na kitenge siku hiyo hiyo, na sauti za wauzaji zinashindana na honi za bodaboda. Ndani ya duka la vitambaa la Zaina, Lusiana alikuwa ameshika jora la bluu iliyoiva, akilitaka kwa sare za kwaya, mara akahisi linavutwa upande wa pili.

“Kaka, utalichana.”

“Dada, mimi ndiye niliyetangulia kuliona.”

“Kuona si kushika. Hata mwezi wote tunauona.”

Zaina, mwenye duka, aliziba mdomo kwa kanga asicheke. Mwanamume yule alikuwa mrefu, mwembamba, shati lake la drafti limekolea vumbi jekundu mabegani, viatu vimechoka kwa kutembea porini. Lusiana alivaa gauni la kitenge cha njano alilolishona mwenyewe, lenye mikono ya puto, na futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

“Unataka kushona nini?” Lusiana aliuliza, bado amelishika jora.

“Mapazia.”

“Nyumba yako ina madirisha mangapi hata umalize jora zima?”

“Si nyumba. Ni gari.”

Lusiana akamtazama Zaina. Zaina akatazama dari.

“Gari nalo linavaa mapazia? Kwani huna nyumba?”

“Ninayo, Ruangwa, ya kupanga. Ila haitembei.”

Hapo kicheko kikamponyoka Lusiana. Mgeni akajitambulisha: Kipriani, mpima ardhi, mzaliwa wa Karatu, kazi ndiyo iliyomleta kusini. Alikuwa amenunua Haisi kuukuu, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Alitaka likizo yake yote aishi humo, akizunguka nchi ya volkano huko kwao kaskazini: Engaruka, Ziwa Natron, na Lengai, ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu.

“Huo mlima unafanya nini?”

“Unafuka moshi. Siku nyingine unatema tope la moto, jeusi, likipoa linageuka jeupe kama chokaa.”

“Na watu wanaupenda?”

“Wanauogopa. Nadhani ndiyo maana wakauita wa Mungu.”

Neno lile lilimwingia Lusiana. Yeye alikuwa mtu wa jumuiya na rozari, na kwa umri wake wote hajawahi kwenda mbali kuliko Mtwara. Akaliachia jora.

“Chukua. Lakini mapazia nashona mimi. Fundi mwingine atakuharibia.”

Basi ikawa simu. Asubuhi simu, mchana simu, jioni Lusiana akikanyaga cherehani, simu iko begani imebanwa na shavu.

“Laazizi, dirisha la nyuma nimelipima upya.”

“Kila siku unapima upya. Na mashamba ya watu unapima hivyo hivyo? Ndiyo maana hawaishi kugombana.”

“Nipe heshima yangu, mama. Haya, chandarua tuchukue?”

“Si umesema tutapita Mto wa Mbu? Jina lenyewe linakujibu.”

“Na wewe utabeba nini?”

“Unga wa muhogo, mbaazi, korosho za kukaanga. Umesema huko hakuna duka. Choo je?”

“Choo ni nchi nzima.”

“Wee! Mimi si mbuzi, Kipriani.”

Mwanzoni safari ilikuwa ya mtu mmoja. Haikuchukua muda ikawa ya wawili, ingawa hakuna aliyeweza kusema ni siku gani ilibadilika. Lusiana alichoweka wazi ni kimoja: hatalala ndani ya gari lile kabla padri hajawafungisha ndoa. Kipriani akatuma washenga, wajomba wakaridhia, na ndoa ikatangazwa kanisani. Njia wakaikariri kama sala: Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Iringa, Dodoma, Babati, halafu kushuka bonde lile kavu lisilo na mti, hadi chini ya mlima. Lusiana alitaka kupiga magoti pale majivuni na kushukuru.

Gari hakuwa ameliona. Lilikuwa Ruangwa kwa fundi wa kuchomelea, na Kipriani hakutaka alione kabla halijakamilika.

“Lina siri,” alisema kwa simu, sauti imejaa kicheko. “Utaiona siku nikilileta.”

“Siri gani?”

“Utaiona mwenyewe.”

Mama yake Lusiana, Mama Saturnini, alikuwa mtu wa presha. Mwanawe mkubwa, Saturnini, anachimba vito kwenye mashimo ya Ruangwa, na tangu shimo la jirani lilipoporomoka, kila simu ikilia mama huyu hushika kifua kwanza, ndipo aulize ni nani. Hata hivyo Kipriani alimpenda.

“Huyu wa kaskazini anajua kusalimia,” alisema, akipepeta mchele barazani. “Ila nawe mwanangu, watu wakioana huenda Mtwara kula samaki. Ninyi mnakwenda kwenye moto.”

“Moto wa Mungu, mama.”

“Wote ni wa Mungu. Wengine hatuukimbilii.”

Jumamosi ya wiki iliyotangulia harusi, Kipriani alilileta gari. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akafungulia redio. Tangu alipoikaribia Nachingwea aliona jambo la ajabu, naye akalifurahia kwa kutolijua. Waendesha bodaboda walikuwa wanasogea pembeni. Wazee walivua kofia. Akina mama waliokuwa wakichota maji bombani waliinuka, wakasimama kimya hadi alipopita. Akasema moyoni: hawa watu wana adabu, wamejua bwana harusi anapita.

Laiti angeuliza. Kutoka Nanganga hadi Nachingwea, Haisi ile ya kijivu yenye vyuma viwili juu ya paa na msalaba nyuma ilijulikana kwa kila mtoto. Lilikuwa gari la Hamidi, fundi wa majeneza wa Nanganga, na kwa muda mrefu ndilo lililowarudisha marehemu makwao. Watu waliliita Nyamaza, kwa kuwa likipita wote hunyamaza. Na lilikuwa na desturi yake: likifika nyumba ya msiba hupiga honi moja, ndefu, wanaume watoke kupokea mwili. Baba yake Lusiana, marehemu Modestus, aliletwa nalo.

Kipriani alisimamisha gari mbele ya baraza. Akapiga honi moja, ndefu, ya furaha, ili mpenzi wake atoke.

Aliyetoka ni mama. Aliliona gari. Ungo ukamponyoka, mchele ukatawanyika. Akasema, “Saturnini wangu,” wala hakupiga yowe. Akaketi chini polepole kama mtu aliyechoka, kisha akalala ubavu.

Lusiana alikuta mdomo wa mama yake umekwenda upande. Majirani walikuwa wameshaanza kuingia uani, wanawake mikono kichwani, wakiuliza mwili uko wapi. Kipriani alisimama katikati yao na shati lake jeupe, funguo mkononi, redio ya gari ikiimba.

Hospitalini daktari alisema ni kiharusi. Lusiana alitoka nje ya wodi, akamkuta Kipriani ameegemea ukuta.

“Hiyo ndiyo siri yako?”

“Lusi…”

“Ulisema gari lina siri. Ulisema nitaiona mwenyewe. Umenishonesha mapazia ya gari la maiti, Kipriani? Ulitaka nilale pale alipolala baba yangu?”

Kipriani alifungua mdomo. Ndiyo kwanza dakika ile alikuwa ameambiwa na mtu wa getini gari lile ni la nini, na ulimi ulikuwa haujapata njia. Alinyamaza. Lusiana akakichukua kimya kile kuwa ndiyo.

“Nenda,” alisema. “Ondoka na gari lako. Nenda.”

Siku ya harusi ikapita kama siku nyingine. Mama alirudishwa nyumbani, upande wa kulia umekufa, maneno yanamtoka moja moja kama maji ya bomba bovu. Saturnini alikuja mbio kutoka mashimoni, akapiga magoti mbele yake na matope miguuni. “Mama, nitazame. Mzima. Nishike.” Mama alimshika, akalia, lakini mkono na mguu havikurudi. Saturnini akakaa hadi mfuko ulipokauka, kisha akarudi shimoni. Kazi ya kugeuza, kuosha na kulisha ikabaki kwa Lusiana.

Kipriani alipiga simu. Lusiana akaiacha ilie. Alisali rozari na hakusikia kitu. Alipofika kwenye “mapenzi yako yatimizwe” alikuwa anasimama, anaruka neno, anaendelea, akijua Mungu ameona alivyoruka.

Zaina ndiye aliyelifumbua jambo lile, nusu kwa hasira.

“Shoga, nimetoka Nanganga kufuata mzigo. Nimemkuta Hamidi kibarazani kwake, nikamuuliza mbele ya watu: huyu mpima ulimwambia gari lile lilikuwa na kazi gani? Unajua amenijibu nini? ‘Hakuuliza, na mimi nauza gari, sitangazi misiba.’”

“Na msalaba? Hakuona msalaba?”

“Aliuona! Hamidi mwenyewe anacheka. Anasema mtu wako aliushika kwa mkono, akasema, ‘Kumbe lilikuwa la parokia, basi lina baraka.’ Kijana wa watu alidhani amenunua gari la mapadri!”

Lusiana aliacha sindano ndani ya nguo.

“Na siri je?”

“Siri gani?”

“Alisema lina siri.”

“Mpigie umuulize. Mimi nauza vitambaa.”

Alimpigia.

“Siri ilikuwa nini, Kipriani?”

“Nilikata dirisha juu ya paa, nikaweka kioo. Uwe umelala, unaona nyota. Ni hilo tu, Lusi.”

Lusiana akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alilia akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, mama asisikie.

Jumapili baada ya misa, Kipriani alikuja kwa basi. Alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa, shati limemlegea shingoni. Gari alikwishaliuza huko Masasi, naye alimweleza mnunuzi kila kitu, hata kabla ya kuulizwa. Walikaa barazani, kila mmoja kwenye kigoda chake.

“Nisamehe,” Lusiana alisema. “Nilikuhukumu ukiwa na mshangao.”

“Nami ningeuliza. Watu walivua kofia njia nzima, mimi nikapunga mkono.” Alijaribu kucheka, ikashindikana. “Lusi, nioe… yaani nikuoe hivyo hivyo. Siutaki mlima. Wamenipa uhamisho wa kurudi kaskazini, nitaandika kuukataa. Nitahamia hapa, nitakusaidia kumgeuza mama. Mikono ninayo.”

Moyo wa Lusiana uliruka kwa namna ambayo alidhani umesahau. Alimtazama, akaona ni kweli, na hana hila hata chembe.

“Ingia kwanza umwamkie.”

Chumbani mama alikuwa ameegemezwa mito, kanga imefika kifuani. Kipriani alipiga magoti mlangoni, hakuthubutu kusogea zaidi.

“Shikamoo, mama.”

Mama Saturnini akageuza macho. Alimtazama kitambo. Kisha mkono wake mzima, ule wa kushoto, ukaanza kupapasa, ukalipata pindo la kanga, ukalivuta. Ukaivuta taratibu, ikapita shingo, ikapita mdomo uliopinda, ikamfunika uso wote. Chini ya kanga pumzi zikaanza kwenda mbio.

“Mama, ni Kipriani,” Lusiana aliita. “Mama, hakuna gari. Amekuja kwa basi.”

Mkono haukuachia.

Walitoka nje. Jua lilikuwa kali, kuku wamejificha chini ya tenga.

“Atazoea,” Kipriani alisema.

“Kila siku uingie mlango ule naye ajifunike kama maiti? Presha ile ikipanda mara nyingine, ndiyo basi.”

“Basi nitakusubiri. Hata iwe miaka. Nitakuwa Karatu, utaniita wakati ukifika.”

“Wakati gani, Kipriani?”

Akainamisha kichwa, maana alikuwa ameelewa.

“Umeona?” Lusiana alisema kwa upole. “Ukinisubiri, unasubiri mama yangu afe. Nami nikijua uko unasubiri, nitasubiri pia. Nitampikia uji huku nasubiri. Nitamwombea uzima kwa mdomo, na moyo unaomba kingine. Siwezi. Mungu anasikia vyote viwili.”

“Kwa hiyo Mungu ndiye anatutenganisha?”

“Sijui. Nimemuuliza sana, hajanijibu. Lakini hili najua ni dhambi, na kwa sasa sijui jambo lingine lolote.”

Kipriani alimshika mkono, akaubana kifuani kwake mbele ya majirani wote, na Lusiana hakuuondoa. Aliusikia moyo wake ukigonga kitambaa cha shati.

“Nakupenda, mpima.”

“Usiseme hivyo wakati unanifukuza.”

“Nitasema lini tena? Panda basi. Uoe. Upate watoto wanaosalimia vizuri. Ukiniita kwa simu sitapokea, usidhani sikusikia.”

Alikwenda. Alitembea kama mtu anayehesabu hatua za shamba lisilo lake, hakugeuka hadi kona. Zaina, aliyekuwa anapita na mfuko wa nyanya, alisimama, akamtazama rafiki yake, akaendelea na njia.

Lusiana alirudi chumbani. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akachukua pindo la kanga, akalivuta kidogo kidogo hadi uso wa mama ukaonekana. Ulikuwa umelowa.

“Ka… ka-enda?” mama aliuliza.

“Kaenda, mama.”

“Gari?”

“Hakuna gari. Limekwisha.”

Mama akafumba macho, pumzi zikatulia, na vidole vyake vikaukamata mkono wa binti kwa nguvu zote zilizosalia upande ule. Uji mezani ulikuwa umepoa na kuota utando. Lusiana aliuondoa kwa kijiko, akapuliza kwa mazoea ijapokuwa haukuwa na moto tena, akasema, “Fungua mdomo, mama.”