Mti Usio na Mizizi

Kila jioni akitoka shule, Chelangat alivua sare, akanywa chai, kisha akawapeleka ndama malishoni. Aliishi karibu na Londiani na nyanya yake, ambaye alimwita Kogo. Kogo na majirani zake walikuwa wamepanda miti ya kienyeji kando ya kijito, na miche michanga juu mlimani. Kampuni za mbali zinazotoa moshi mwingi ziliwalipa wakulima watunze miti, kwa kuwa miti huvuta hewa chafu ya moshi huo. Lakini malipo hayakutoka mpaka mkaguzi aje ahakikishe kwamba miti iko hai.

Jioni moja Chelangat alinogewa na mchezo wa kuruka kamba. Alipowakumbuka ndama, walikuwa wamevunja ua na kutafuna miche yote ya sehemu ile ya juu. Na kesho yake ndiyo siku ya mkaguzi!

"Usilie," binamu yake Kipkurui alimwambia. "Tukate matawi, tuyachomeke pale. Nani atajua?"

Wakayachomeka. Kwa mbali yalionekana kama miche halisi.

Asubuhi mkaguzi, Bi. Nyanchama, alifika. Alipima miti mikubwa kwa utepe, kisha akatazama kule juu mlimani. "Naona hata miche ya kule imeshika vizuri. Hongera, mama!"

Kogo akatabasamu kwa fahari. Tabasamu hilo lilimchoma Chelangat moyoni.

"Nisamehe, Kogo," alisema. "Ile si miche. Ndama waliila nilipokuwa nikicheza. Yale ni matawi tu."

Bi. Nyanchama akapanda mlima, akang'oa tawi moja, akarudi nalo.

"Kanuni za mradi zinataka mti ulioshika mizizi," alisema. "Sehemu ile siihesabu mwaka huu. Hii ya chini naikubali. Mvua ikija, pandeni tena."

Mvua ilipokuja, Chelangat na Kipkurui walichimba mashimo, wakapanda miche mipya na kujenga ua imara. Mwaka uliofuata, Bi. Nyanchama alizikubali sehemu zote mbili.

Siku hiyo Kogo alimshika mjukuu wake bega. "Moshi wa huko mbali ni wa kweli, mjukuu wangu, na mti wa uongo hauvuti moshi. Ungenyamaza mwaka jana, sisi tungelipwa kwa sehemu zote mbili, lakini hewa ingebaki chafu vilevile. Mtu unaweza kumdanganya. Hewa huwezi."